Dalali wa Ardhi Anauza Nini Hasa?



Akija mtu kijijini kwenu, viatu vimejaa vumbi, simu mbili mkononi, akauliza, "Jamani, hapa hakuna anayeuza shamba?", wengi wenu mnamjua mara moja. Huyo ni dalali. Wapo wanaomkaribisha kiti na maji. Wapo pia wanaowaambia watoto wajibu kwamba baba hayupo, na huku baba yuko uani anachonga mpini wa jembe.

Sisi tunaoandika habari hii ni madalali. Tunafanya kazi ya kutafuta viwanja, mashamba na nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Kisarawe, Mkuranga na Kibaha. Tumeona tueleze kazi hii inavyokwenda, kwa sababu watu wengi wanauza ardhi bila kujua yule aliyesimama katikati anafanya nini, anaweza nini, na hawezi nini.

KAZI YA KILA SIKU

Wengi wetu hatuna ofisi. Tunacho kijiwe. Ni benchi chini ya mwembe karibu na kituo cha basi, na kibao kilichoandikwa kwa rangi: "Viwanja, nyumba, vyumba, vinapatikana hapa." Chini yake namba ya simu. Saa moja asubuhi tuko pale.

Kazi yenyewe ni kusikiliza. Dereva wa bodaboda anakuambia kuna mpangaji anahama. Mama lishe anakuambia kuna mzee anataka kuuza kipande apate ada ya mjukuu. Fundi mwashi anakuambia tajiri wake anatafuta eneo la kufuga kuku. Unaziunga habari hizo tatu mpaka moja izae. Ndiyo maana dalali ana maneno mengi na salamu nyingi. Asiyesalimia watu hapati habari, na asiye na habari hali.

Kinacholisha watu wa kijiweni siku hadi siku ni kupangisha vyumba. Mjini, desturi ni mpangaji kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, mara moja tu. Wenye nyumba wengi nao wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Basi chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, mpangaji lazima awe na 360,000 za miezi sita, na juu yake 60,000 za dalali. Kijana anayetoka kijijini kutafuta maisha mjini akidhani atalipa elfu sitini alale, anashangaa. Akumbuke pia kuna pesa ndogo inayoitwa ya kuzungushwa, ambayo madalali wengine wanaitoza kabla ya kuonyesha chumba chochote. Hiyo hairudi hata chumba kisipopatikana. Aulize mapema ni kiasi gani.

Ardhi ni habari nyingine. Unaweza kukaa miezi mitatu bila kuuza hata kiwanja kimoja. Mteja unampeleka maeneo kumi, jua linawaka, nauli unalipa wewe, soda unanunua wewe. Mwisho anakuambia, "Nitakupigia." Kumbe kesho yake amerudi peke yake kwa mwenye shamba, wamemalizana. Ugomvi mwingi wa vijiweni unatoka hapo: nani alimleta mteja? Na shamba moja linaweza kuwa na madalali watano, kila mmoja akisema ndiye aliyekabidhiwa.

SASA ANAUZA NINI?

Fundi cherehani anauza nguo aliyoishona. Mkulima anauza mahindi aliyoyalima. Dalali hana shamba, wala hana pesa za kununua shamba. Anachouza ni habari. Anamjua mwenye kuuza na anamjua mwenye kununua, na hao wawili hawajuani. Akishawakutanisha, kazi yake imekwisha na anastahili ujira wake. Katika mauzo ya ardhi na nyumba, ujira unaotajwa mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, yaani katika kila shilingi mia moja, shilingi kumi ni za dalali. Hiyo ni desturi tu, inapunguzwa kwa mazungumzo.

Lakini kuna kitu kinaitwa "cha juu". Hiki tunataka mkielewe vizuri, maana hakiandikwi popote.

Tuseme mzee ana ekari moja anataka shilingi 6,000,000. Anamwambia dalali wa kijijini. Dalali wa kijijini anampigia dalali wa mjini, anamwambia bei ni 7,000,000. Dalali wa mjini anamwambia mnunuzi 9,000,000. Mnunuzi anakubali na analipa zote. Mzee anakabidhiwa 6,000,000 zake, anafurahi. Halafu madalali wanamwambia, "Mzee, na asilimia kumi yetu je?" Anatoa 600,000. Sasa fanyeni hesabu. Mnunuzi ametoa 9,000,000. Mzee amebaki na 5,400,000. Zilizobaki, 3,600,000, wamegawana watu ambao hawakupanda hata mchicha katika shamba lile.

Kuna wenzetu watakaotununia kwa kusema haya. Na watununie. Udalali wa haki unatajwa mbele ya watu, na huo hauna aibu. Cha juu kinaishi gizani tu. Kinahitaji mwenye shamba na mnunuzi wasikae pamoja. Kwa hiyo ukisikia dalali anamnong'oneza mnunuzi, "Usiongee na mzee, utaharibu biashara," au anakuambia wewe, "Mteja ni mtu mkubwa, hapendi kuulizwa bei," ujue gizani kuna kitu. Dawa yake ni rahisi: muuzaji, mnunuzi na dalali wakae mkeka mmoja, bei itajwe kwa sauti, na ujira wa dalali utajwe kwa sauti papo hapo. Dalali mwenye nia njema hakatai.

HATUA ZA NANI?

Huku kwetu ekari moja hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa 70. Mnunuzi anasema, "Mwacheni kijana wangu apige hatua." Anatoka kijana mrefu kama mnazi.

Hatua iliyokusudiwa ni kama sentimita 91. Ndipo 70 kwa 70 inapokaribia ekari, ambayo ni mita za mraba 4,047. Kijana mrefu akijinyoosha, hatua yake ni mita nzima. Sabini kwa sabini zake zinakuwa mita za mraba 4,900. Zimezidi 853, yaani kumeingia viwanja viwili vya mita 20 kwa 20 ambavyo mzee hakulipwa. Akipima mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 80, eneo linakuwa mita za mraba 3,136, na safari hii aliyepunjwa ni mnunuzi, kwa mita 911. Shamba ni lile lile, lililobadilika ni miguu.

Nunueni futi ya kamba, ile wanayotumia mafundi. Ekari ya mraba ina karibu mita 64 kila upande. Tumeona mauzo ya mamilioni yakipimwa kwa miguu kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa shilingi elfu chache za kamba.

Na mjue mnunuzi atafanya nini na ekari hiyo. Wengi hawalimi. Wanakata viwanja. Ekari moja, ukiacha njia, inatoa kama viwanja vinane vya mita 20 kwa 20. Kila kimoja kikiuzwa, tuseme, kwa 2,000,000, ni 16,000,000. Si wizi huo. Mtu ametoa mtaji na amesubiri. Ila mzee aliyekubali milioni sita angeijua hesabu hiyo, huenda angeuza viwanja viwili tu akabakiwa na shamba.

ZAMANI ARDHI TUPU HAIKUUZWA

Vijana wanadhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Wazee wanakumbuka vingine. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, Serikali ya Tanganyika iliondoa ule umilikaji wa ardhi wa daima ulioachwa na wakoloni. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mpaka leo ni hivyo. Mwaka 1971 hata majengo makubwa ya kupangisha mijini, yenye thamani zaidi ya shilingi 100,000 za wakati ule, yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Wakati ule ukiuza shamba, kilicholipwa ni ulichokifanya juu yake: nyumba, minazi, mikorosho. Watu walitembea wakihesabu minazi mmoja mmoja, na mnazi mzee wenye mafundo ulibishaniwa kama ng'ombe mnadani. Shamba lisilo na mti halikuwa na bei kwa sheria. Kwa siri, tusidanganyane, lilikuwa nayo.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili: Sheria ya Ardhi Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Moja ya mambo zilizoyasema ni kwamba haki ya mtu katika ardhi ina thamani, hata kama hakuna mti. Mwaka 2002 Serikali ikaanza mradi wa kupima viwanja 20,000 Dar es Salaam, na sehemu kama Kibada, Toangoma na Buyuni, zilizokuwa mashamba, zikaanza kuwa mji. Sensa ya mwaka huo ilikuta Dar es Salaam ina watu kama milioni 2.5. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 5.4. Watu hao wote wanalala mahali. Ndiyo sababu kijiwe chetu kinasogea kila mwaka, kinafuata barabara, na kesho kitakuwa mlangoni kwenu.

NANI ANA NENO LA MWISHO?

Si dalali. Si mnunuzi mwenye gari. Wala si mwenyekiti peke yake, hapo tusikilizane vizuri.

Kwa sheria ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji wote. Ikitaka kugawa ardhi ya kijiji kwa mtu, lazima kwanza Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali, yaani mkutano wa watu wazima wote. Na wewe ukitaka kumwuzia mtu shamba lako, Halmashauri lazima ipewe taarifa, ikae kikao, ikubali, na iandike. Muhuri uliogongwa jioni nyumbani kwa kiongozi, bila kikao, ni wino tu.

Sisi madalali tunajua muhuri wa namna hiyo. Mnunuzi ana haraka, muuzaji ana shida, kiongozi anaahidiwa cha soda, na dalali anataka chake kabla ya jua kuzama. Watu wanne wote wana haraka! Baada ya miaka mitatu anatokea mtu wa pili mwenye karatasi ya shamba lile lile, yenye muhuri ule ule. Hapo dalali simu yake haipatikani.

Kama kijiji chenu kimeanza kutoa hati za hakimiliki ya kimila, kata yako mapema. Kwa mwanakijiji hati hiyo haina mwisho wa miaka. Huku mjini hati ya kiwanja kilichopimwa hutolewa kwa miaka, 33, au 66, au isiyozidi 99. Sisi tukiulizwa na mnunuzi, swali la kwanza huwa ni hilo: "Kuna karatasi gani?" Shamba lenye hati tunaliuza kwa bei nzuri zaidi, na mwenye hati hatishiki kirahisi.

Kuna na neno la nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa, wala kuiweka rehani, bila mwenzake kukubali. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata ardhi haina nguvu. Bado wapo wanaume wanaotuambia, "Mke wangu namjua mimi, leteni pesa." Kuna biashara moja tuliyoiona ikivunjika kabisa. Mnunuzi amekwishafika na pesa, wazee wamekaa, karatasi imeandikwa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema kwa upole, "Baba, hapo unapouza ndipo alipozikwa mwanetu. Hukuniuliza." Mnunuzi alifunga mkoba wake, akaamkia wazee, akaondoka. Dalali alikosa pesa ya miezi miwili. Lakini mnunuzi yule alikuwa na akili: aliepuka kesi ya miaka kumi.

Kwa hiyo dalali mjanja, tuseme dalali anayependa kulala usingizi, swali lake la pili ni: "Mama yuko wapi? Watoto wakubwa wanajua?" Shamba la urithi ni gumu zaidi. Marehemu ana watoto saba, mmoja anauza, sita wako mbali. Hapo sisi tunataka kumwona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake. Kama hayupo, tunaaga.

KARATASI YENYEWE

Ninyi sasa mnasoma. Hili ndilo jambo linalobadilisha biashara yetu kuliko simu. Zamani mwenye shamba aliambiwa, "Weka dole gumba hapa, mzee," naye anaweka. Siku hizi mama mmoja anavaa miwani, anasoma mstari kwa mstari, na watu wote wanakaa kimya kumsubiri. Usione haya kuwasubirisha.

Soma neno la juu kabisa: ni mkataba wa kuuza au wa kukodisha? Soma bei kwa tarakimu na kwa maneno, uone kama zinafanana. Soma ukubwa wa eneo kwa mita. Soma majina ya majirani wa pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na hao majirani wawepo siku hiyo waonyeshe mipaka, iwe ni minyaa, mfereji au mbuyu. Tarehe iwepo. Kama pesa inalipwa kwa awamu, kila awamu iandikwe na siku yake, na iandikwe pia itakuwaje ikichelewa. Jina la dalali liandikwe, na ujira wake. Halafu nakala: muuzaji moja, mnunuzi moja, kijiji moja. Karatasi yenye nafasi tupu usiitie sahihi, hata kama aliyekuletea ni mtoto wa dada yako.

Pesa nyingi msihesabiane chini ya mwembe. Nendeni benki. Mwizi naye anasikiliza habari kama sisi.

BAADA YA KUUZA

Tunarudi mara nyingi mahali tulipouza, kuleta wateja wengine. Wapo waliouza wakajenga nyumba ya bati na kusomesha, na wanatupigia simu kutusalimu. Wapo wengine tunawakuta kwenye shamba lile lile waliloliuza, wamekaa langoni na rungu. Mnunuzi amewaajiri kulinda. Mzee analipwa kwa mwezi kulinda mikorosho aliyoipanda mwenyewe, na hawezi kuokota korosho bila ruhusa. Pesa ya shamba ilikwenda kwenye pikipiki, pikipiki ikaanguka.

Hatusemi msiuze. Sisi tunakula kwa ninyi kuuza. Ila dalali akikuuliza, "Utabakiwa na ekari ngapi?" usimwone anachungulia mambo yako. Muuzaji asiyebakiwa na kitu ndiye anayerudi kulalamika, na lalamiko lake ndilo linalokuwa kesi.

Kesi ikitokea, isianzie kwa panga. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa kuna Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 nalo linapatanisha tu, halitoi hukumu. Hukumu inaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Nendeni na ile nakala ya karatasi. Wala msikae sana mkisubiri mwenzenu aone aibu mwenyewe: anayedai ardhi yake iliyochukuliwa na mtu mwingine amepewa na sheria miaka 12 ya kufungua madai. Ikipita hiyo, aliyekaa humo amekaa.